Watu Wazima Kumi na Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika boma la Kilimatinde, nilifika kabla ya tarumbeta ya askari, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi nina hati ya kuhitimu skuli ya serikali ya pwani. Mgogo mwingine mwenye hati kama ile sikupata kumwona. Niliondoka kwetu nikiwa mchunga mbuzi wa watu. Nilirudi nikiandika herufi za Kidachi kwa mistari iliyonyooka. Bwana Shauri, Mdachi aliyesikiliza kesi, aliutazama mwandiko wangu akasema, "Wewe utaandika. Wengine watafagia."

Nikawa karani wa barua. Kazi yenyewe, vijana, ilikuwa kunakili: barua moja kwa jumbe, na nakala yake katika daftari la boma, bila kufuta. Ukifuta, unaanza upya. Kutoka Kilimatinde nilihamishiwa Mpwapwa, na reli ilipofika Dodoma nikapelekwa huko, chini ya Bwana Mkubwa mwenyewe, Mdachi mkuu wa boma.

Wanaume wa Mkonze, kijiji cha jirani, walikuwa wakiniletea barua za boma niwasomee. Sikatai, nilipenda kuombwa. Lakini nilitamani zaidi kuitwa mwalimu. Ili kuwafundisha kusoma nilihitaji ruhusa yenye muhuri, maana wanaume wakikusanyika bila muhuri waliitwa waasi. Nilihitaji pia boma linifadhili kwa banda, chaki na vibao vya kuandikia.

Nikasikia kwamba Mwalimu Idi anataka kuomba jambo lilelile. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, muuza asali. Alikuwa amesoma chuoni kwao Kurani tu, na herufi za Kidachi alijifunza kwa kutazama maandishi ya masanduku ya bidhaa. Asiye na hati anitangulie mimi? Nikaandika upesi: "Naomba ruhusa ya kufungua skuli ya watu wazima," nikaambatisha majina kumi na mawili ya wanaume wa Mkonze.

Siku ya tatu askari walikwenda Mkonze na orodha yangu, wakawachukua wote kwenda kuvunja mawe ya reli. Nikakimbilia ofisini.

"Bwana Mkubwa, wale ni wanafunzi!"

"Wewe umeandika wazima," akasema, akigonga barua yangu kwa kidole. "Wazima si wagonjwa. Mimi nataka wazima kwa mawe. Umefanya vizuri, karani."

Nilimweleza kwamba mtu mzima ni mtu aliyekwisha kukua. Akanionyesha mlango.

Nilipopita Mkonze, mke wa Chilongani, mmoja wa wale waliochukuliwa, alinisalimu Kigogo mbele ya wenzake. "Mbukwa, mwalimu! Mume wangu amefika herufi ya ngapi? Au bado anavunja ile ya kwanza?"

Wiki ileile ikaja barua ya Idi, mistari mitatu iliyopinda: "Naomba kuwafundisha wazee kusoma amri za boma." Wazee! Bwana Mkubwa alifurahi, kwa kuwa wazee hawakumfaa kwa mawe. Akatoa banda, chaki na vibao, akaniamuru niandike ruhusa. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mara mbili nilitaka kudondosha wino juu ya jina lake.

Idi akaja kuichukua. "Ahsante, ndugu yangu. Wale wako wakirudi, nitawaweka mbele."

"Umeomba wazee. Chilongani hana hata mvi moja."

"Atoke kwenye vumbi la mawe hana mvi? Atakuwa nazo tele."

Waliporudi walikwenda kwake, wote kumi na wawili.

Sasa nimestaafu. Wanaonipita barazani huniamkia shikamoo, na hati yangu imetundikwa ukutani. Juzi Chilongani aliniletea barua aliyomwandikia mwanawe, niitazame. Kila herufi ya S ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma. Nikazisahihisha zote. Akachukua kalamu, akazigeuza tena, moja moja, bila haraka.

"Mwalimu Idi ndivyo alivyotufundisha."

"Idi alikosea. Na amekufa zamani."

"Najua, karani. Ndiyo maana simsahihishi."

Nimetumikia maboma matatu, na mwandiko wangu haukupata kukosolewa. Lakini hakuna mtu popote anayeandika kosa alilofundishwa na mimi.