Kumtafutia Yuda Sura

Muhula uliopita mwalimu wa sanaa alikuja na kitabu cha picha za vijana wa Kiingereza wa zamani, waliochora habari za Biblia kwa sura za jirani zao, na kila jani kama lilivyo shambani. Akasema nasi tutachora hivyo Karamu ya Mwisho kwenye plaiwudi, itundikwe ukumbi wa parokia hapa Manundu. Kila mwanafunzi mtume mmoja, na kila mtume sura ya mtu halisi.

Mimi nikapewa Yuda. Nikamtazama mwalimu, naye akatazama dirishani. Mpaka leo siamini kama ilikuwa bahati tu.

Petro alipatikana siku ile ile, fundi baiskeli. Yohana wakagombea watatu. Nilipomwomba muuza mihogo wa getini anikalie nimchore kama Yuda, akanifukuza na mwiko. "Wateja wanione msaliti? Toka hapa!"

Basi nikachora uso ninaoujua hata nikifumba macho.

Mwalimu wa nidhamu akapita, akasimama, akajishika ndevu.

"Huyu nani?"

"Yuda, mwalimu."

"Yuda namjua. Nauliza huyu nani!"

Darasa zima likakohoa. Akaniandikia barua: nilete mzazi, la sivyo wiki mbili nyumbani, na mitihani inaanza Jumatatu.

Uso ule haukuwa wake, ulikuwa wa baba, mkulima wa Mazingara kule Handeni na mzee wa kanisa. Nikinyamaza, nimemchora mwalimu. Nikijitetea, nimemchora baba.

Baba akafika na vumbi la Handeni kwenye viatu. Mwalimu wa nidhamu akamtazama, akamtazama Yuda, akamtazama tena. Sauti ikamlainika.

"Mzee, tumekuita tu… kijana wako ana kipaji."

"Huyu mwenye mfuko wa fedha nani?"

"Petro," mwalimu akajibu upesi.

"Petro tangu lini ana mfuko?" Baba akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "We, njoo usimame hapa kando."

Nikasimama. Akatupima, mimi na Yuda.

"Afadhali. Nilidhani ni mimi. Kumbe ukiondoa ndevu, ni wewe."

"Ni mimi, baba."

Mwalimu akaichana barua palepale. Lakini kwa jinsi baba alivyoniangalia akiondoka, bado sijui nani alimdanganya nani.