Kichanja cha Jikoni

Ndugu yangu, mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Mtu aliyeanza maisha pale mpakani Tunduma akibeba mizigo ya watu begani, kwenda Nakonde upande wa Zambia na kurudi, halafu akapata toroli, halafu akapata Fuso bovu, na leo ana malori marefu ya kwake mwenyewe yanayopanga foleni ya forodha pamoja na ya matajiri wengine, huyo utamshangaza na nini? Nimeona lori la shaba likilala ubavu na dereva akatoka dirishani akiomba sigara. Nimeona wenye digrii wakija kwangu, mimi wa darasa la nne, kuomba kazi ya kusimamia mafuta. Wazambia wananiita bamudala, yaani mzee wa heshima, na mvi zenyewe bado za kutafuta kwa tochi.

Kisha mke wangu, wakati mtoto wetu mkubwa tayari yuko kidato cha sita, akaniambia ana mimba.

Sikushangaa. Nilikaa chini kidogo tu.

Nikasema huyu mtoto wa mwisho lazima aingie duniani kwa heshima. Nikamtengenezea chumba chake mwenyewe, pembeni ya chumba chetu, mlango unatokea kwenye korido. Sakafu vigae, dari nyeupe, pazia zito, hita ya umeme kwa sababu atazaliwa kipindi cha baridi. Kitanda chake kidogo chenye fito pembeni kilishuka na dereva wangu kutoka Lusaka, kimefungwa kwenye nailoni kama bibi harusi. Nikaweka na kamera, ili nikiwa kitandani kwangu nimwone mtoto kwenye simu. Watu walikuja kuangalia hicho chumba kama wanaangalia gari jipya.

Mama yangu alipofika kutoka Mbozi, na gunia lake la maharage na maparachichi, nikamshika mkono nikampeleka moja kwa moja, hata maji hajanywa. Akagusa pazia. Akagusa fito za kitanda, moja moja.

"Kizuri, baba," akasema. "Mtoto atalala. Na wewe baba yake utalala wapi?"

"Si chumbani kwangu, mama!"

Akaniangalia, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kwenye kifua. "Kwa hiyo kichanja umekisahau."

Sijakisahau. Nani atakisahau? Kaa hapa nikusimulie.

Kwetu Mbozi, nilipokuwa bado sijaanza shule, baridi ya mwezi wa sita na wa saba haikuwa mchezo. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mibuni kama mgeni asiyetaka kuondoka, majani yote yanadondosha maji, na sisi watoto tunatoka nje tumejifunga mashuka shingoni, tunavuta makamasi. Na hicho ndicho kipindi cha kahawa. Mashine ya kumenyea inazungushwa kwa mkono tangu mapema, kra-kra-kra, mlima mzima unajibizana, na lile ganda jekundu likianza kuchacha linatoa harufu tamu na chachu kwa pamoja. Hiyo harufu nikiipata hata leo, nikiwa ndani ya gari na vioo vimefungwa, nasimamisha gari.

Kahawa ikishaoshwa inaanikwa kwenye vichanja, yaani meza ndefu za miti zilizotandikwa mikeka ya matete. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa hapo, kuchambua punje mbovu, kufukuza kuku, na wingu likitokea kupiga kelele wakubwa waje kufunika. Nilikuwa mkali, hakuna kuku aliyenizoea. Bibi, mama yake baba, alikuwa ananiletea kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, ananiambia, "Mlinzi ale, njaa isimwibie macho."

Sasa, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Baada yangu walikuja wawili, mmoja na baadaye mwingine, wote walikuja na baridi, na hakuna aliyeimaliza. Walilazwa nyumba kubwa, chumbani kwa baba na mama, sakafu ya udongo, upepo unaingia chini ya mlango. Kifua kikashika, basi. Mama alipobeba mimba tena, na ikaonekana na huyu naye atakuja wakati uleule, nyumba yote ikawa kimya. Hakuna aliyeuliza kitu. Bibi alikuwa na sheria yake: mtoto ambaye hajafika hatajwi, hanunuliwi nguo, hachongewi kitanda. Alisema, "Kifo kina masikio kuliko jirani."

Basi siku moja, mchana, nikamwona baba anaingiza miti jikoni.

Elewa jambo hilo. Jiko letu lilikuwa kibanda peke yake, cha nyasi, na lilikuwa la wanawake. Baba mwenye nyumba hakanyagi humo. Akitaka moto wa sigara anasimama nje anaita. Leo ameingia na panga, anachimba mashimo ya nguzo!

Bibi akasimama mlangoni. "Unajenga nini humo?"

"Kichanja."

"Cha nini?"

"Cha kahawa."

Bibi akamwangalia mwanawe, akaangalia moto, akaangalia ukuta. "Kama ni cha kahawa," akasema taratibu, "kiweke upande ule, mbali na mlango. Kahawa haitaki upepo."

"Nimesikia, mama."

"Na usikiweke juu sana. Mwenye kahawa yake atachoka kuinuka."

Hapo hata mimi mdogo nilielewa. Baba alikaza kamba za magome ya miti kwenye fito, akatandika majani makavu ya migomba yaliyopondwa mpaka yakawa laini kama sufi, juu yake magunia safi. Mama alikuwa anapita na ndoo yake kama haoni kitu, lakini siku ya tatu yake akasema, bila kumwangalia mtu, "Hiyo kahawa itataka lile blanketi zito." Baba akalileta.

Kisha akafanya kubwa zaidi. Akachukua mkeka wake, akahamia. Akalala chini, kati ya kichanja na mafiga, kuchochea moto ili kuta zikauke na joto likae mle ndani kabla mwenyewe hajafika. Alichochea kwa matawi ya mibuni mizee iliyokatwa, maana hayo yanawaka polepole na moshi wake ni mdogo.

Mlimani kwetu siri haikai. Jirani yetu wa shamba la chini, mtu wa maneno, alichungulia akaona miti inaingia jikoni, akaona moto hauzimiki, akauliza, akaambiwa ni kichanja cha kahawa. Weee! Akaenda nayo kilabuni.

Usicheke ukadhani ni jambo dogo. Kahawa inashika harufu kuliko nguo. Ukiikausha karibu na moshi, imekwisha, chama cha wakulima hakiipokei. Na ikiingia kwenye magunia ya wenzako inaharibu ya kijiji kizima. Baba yangu alikuwa na jina la kahawa safi kuliko mtu yeyote mlima ule, na hiyo kahawa ndiyo ilikuwa chumvi yetu, mafuta ya taa yetu, shati langu. Hiyo yote ilikuwa mashakani, na angeweza kuinusuru kwa neno moja tu: ni kitanda cha mtoto. Hakulisema. Alikwishazika wawili, asingemtaja wa tatu kwa ajili ya kilo za kahawa.

"Jirani!" yule bwana alikuwa anapaza sauti kutoka njiani, wenzake wamejaa nyuma yake. "Siku hizi kahawa unaibanika kama samaki?"

"Jua la mwaka huu silitegemei," baba anajibu, anaendelea kuzungusha mashine.

"Na wewe mwenyewe unabanikwa humohumo? Mwanaume akilala jikoni anaota mkia!"

"Huo mkia ukitokea nitakuuzia."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nilikuwa naokota mawe, bibi ananishika mkono. "Waache," anasema. "Anayecheka hasikilizi. Ndiyo tunataka hivyo."

Basi maneno yakafika kwenye chama. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka vizuri, ukungu umeondoka mapema, mimi niko kwenye vichanja vyangu vya nje. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wameingia jikoni, mkunga wa kijiji pamoja nao, mlango umeegeshwa. Nikaona wanaume wanapanda njia: mwenyekiti wa chama na kofia yake ya sufi, mpima mizani, na nyuma yao yule jirani, anatembea kama aliyeshinda kesi.

"Tumekuja kuona kahawa ya jikoni," mwenyekiti akasema.

Bibi alikwishatoka. Alisimama mlangoni, mkono mmoja nguzo hii, mkono mwingine nguzo ile. "Haijakauka."

"Mama, tunaangalia tu. Ni mali ya wanachama."

"Mwanaume haingii jikoni kwangu."

Jirani akadakia, "Mbona mwanao analala humo?"

"Yeye ni mlinzi. Wewe unalinda nini, zaidi ya njia ya kilabuni?"

Mpima mizani akageuka pembeni kuficha meno. Mwenyekiti akaangalia juu, moshi unapenya kwenye nyasi za paa, akatikisa kichwa. "Moshi wote huu, jamani. Bwana, sema mwenyewe. Kuna kahawa humo au hakuna?"

Wote wakamgeukia baba. Alikuwa kwenye mashine, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akaachia mpini, akageuza kichwa kuelekea jikoni. Alikuwa anasikiliza.

Mle ndani mtoto akalia.

Sio kulia kwa kuomba, hapana. Alilia kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Mwenyekiti akavua kofia. Jirani mdomo wazi. Bibi akashusha mikono yake kutoka kwenye nguzo, machozi yanamtoka na anacheka, akasema, "Haya. Leteni mizani."

Mpima mizani alicheka mpaka akakalia kichanja changu kilichojaa kahawa. Nikampigia kelele, "Babu, shuka! Unavunja!" Akashuka mbio. Ndipo mwenyekiti, ili asiondoke mikono mitupu, akachota kahawa ya baba kwenye kichanja hichohicho, akaimenya ganda, akanusa, akaiuma kwa meno ya mbele, akafumba macho.

"Daraja la kwanza," akasema. "Kama kawaida ya nyumba hii." Akamgeukia jirani. "Na wewe ukiona moshi tena, uliza kwanza kinachopikwa."

Jirani alikuja kesho yake na mzigo wa kuni kavu kichwani. Akautua nje ya jiko, akasema kwa sauti ya chini, "Za kukaushia kahawa." Baba akampa kiti. Urafiki wao haukukatika mpaka walipozeeka.

Baba alilala pale chini kwenye mkeka baridi yote, mpaka mvua za kwanza. Na mtoto aliimaliza baridi ile, akamaliza na nyingine. Ndiye huyo dada yangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Vwawa, mwanamke mzito, akikaa kwenye bodaboda dereva anasali. Kijijini mpaka leo wanamwita Kahawa. Sijawahi kumshinda kwenye bei.

Lile jiko halipo. Lilianguka bibi alipokwishaondoka, hakuna aliyelisimamisha, sasa pale pana bati na mtungi wa gesi. Mibuni mingi ya baba imeng'olewa, wamepanda maparachichi, nami siwalaumu, parachichi linalipa. Mashine za mkono nazo zimepungua, asubuhi mlima haujibizani tena. Na ule woga wa heshima, wa kutomtaja ambaye hajafika, ule ndio umekwisha kabisa. Leo mtu anaweka tumbo kwenye simu kabla mkwe hajaambiwa. Hata mimi nilirusha picha za chumba, sifichi, na nikapongezwa sana. Lakini hakuna katika wote walionipongeza aliyeniuliza swali la mama: na wewe utalala wapi? Zamani kuandaa mahali pa mtoto ilikuwa ni mwenye nyumba kuhama mahali pake.

Basi asubuhi baada ya mama kuniuliza hivyo, nikampigia fundi aje na nyundo kubwa.

"Bosi, huu ukuta kati ya vyumba ni mpya kabisa," akaniambia, anaupapasa kama ng'ombe wa mahari.

"Bomoa."

"Wote?"

"Wote. Nataka nikinyoosha mkono nimguse."

Mke wangu alikaa barazani na tumbo lake, vumbi linatoka dirishani, anacheka kama zamani alivyokuwa ananicheka na toroli langu. Mama akawa anamwelekeza fundi mahali pa kuweka kitanda: mbali na mlango.

Amekwishafika sasa, ndugu yangu, wa kiume, kilo zake nne, na anahema pembeni ya mto wangu kama injini ndogo iliyofungwa vizuri. Madereva wakinipigia simu alfajiri kutoka Kapiri au Lusaka nawajibu kwa kunong'ona, wameanza kuulizana kama bosi anaumwa. Ile kamera nimempa mlinzi wa yadi. Baba yangu aliandaa mahali pa mtoto kwa miti ya porini na mgongo wake. Mimi, kujenga chumba, halafu kubomoa ukuta, kupiga plasta upya, vigae vya kuziba pale ukuta ulipokuwa, na rangi juu yake, imenigharimu shilingi milioni nne, laki mbili, elfu kumi na saba na mia tano.