Ndoo ya Wifi

Kwetu, mto ukikauka, tunafukua mchanga mpaka maji yatokee, kisha tunazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Kisima hicho kina mwiko wake: aliyeshuka shimoni hajichotei. Unamchotea mwenzako, anasema "wabeja", yaani asante, halafu unapanda, naye anashuka kukuchotea wewe. Mama mkwe alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ukijichotea mwenyewe, ni kama kutangaza kwamba huna mtu.

Wa kunichotea mimi alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mdomo alikuwa nao huyo. "Pokea vizuri, wifi, au hukula?" Namjibu ningekula nini wakati yeye kashinda jikoni kwangu. Tulikuwa tunacheka mpaka maji yanamwagika.

Kisha watu wakaanza kuhamia Mwakitolyo kwenye dhahabu, nyumba kwa nyumba, na wifi naye akaenda kuwapikia wachimbaji. Aliniachia ndoo yake ya bluu. "Nitunzie, mvua zikianza narudi." Mvua zilianza, zikaisha, hakurudi. Mimi sikuhama. Kisima cha mchangani kisipochotwa kila siku kinajifukia, na nilitaka akirudi akikute. Basi nikawa nashuka peke yangu, naijaza ndoo yake, naibeba hiyo. Yangu ilikaa kavu nyumbani. Mwiko sijavunja, nilijiambia, nimemchotea wifi. Ulikuwa ujanja wa mpweke, lakini siku zilisogea.

Kiangazi hiki akaja, amenenepa, amesuka nywele. Nilifurahi jamani. Nikamwambia twende kisimani. Akasema miguu inamuuma, na gari linaondoka mchana huo huo.

"Nimefuata ndoo yangu tu, wifi. Kule ndoo zinaibwa kila leo."

Nikaisugua kwa mchanga, nikampa. Iliniuma. Ningemwambia nini mtu na ndoo yake?

Kesho yake nikabeba yangu. Nilikaa ukingoni mpaka jua likawa kali, labda angepita mtu. Hakupita. Nikashuka nayo, nikajichotea mpaka ikajaa, nikapanda. Nikasema "wabeja" kwa sauti, kisha nikaona haya, nikageuka kutazama nani kanisikia. Hata wa kunicheka hakuwepo.