Makofi Manane kwa Neno la Vipande Vitano

Ghala letu la Jebel Ali, Dubai, lilipokea mashine ya kupanga makasha kutoka Poland, na pamoja nayo akaja fundi wa kuisimika, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Kila mlango wa mashine ulibandikwa neno moja refu, jekundu: niebezpieczeństwo. Maana yake hatari. Mimi wa Mombasa na mwenzangu wa Tanga, wapakiaji wote wawili, tulilitazama tukachoka kabla ya kulisoma.

"Hili linaingiliwa wapi, ndugu yangu?" mwenzangu aliuliza.

Tukalikata kama tulivyofundishwa chekechea, kila silabi na kofi lake: nye-be-zi-pye-che-ni-si-two. Makofi manane, maana kwetu kofi halitui bila irabu. Fundi aliacha bisibisi yake akatujia, vidole vitano hewani. Kwao ni vipande vitano tu: nie-bez-pie-czeń-stwo. Akafunika mwanzo wa neno kwa kidole gumba. Lililobaki, alisema kwa Kiingereza cha kukatakata, ni usalama. Hicho cha mbele ndicho kinachokanusha.

"Kumbe na wao wana 'ha' yao!" mwenzangu akacheka.

Ukawa mchezo wa kila mapumziko. Mwenzangu akipiga nane makusudi, fundi huja popote alipo, na Kiswahili chake chote: "Tano! Tano, rafiki!"

Siku moja mashine ilikuwa imezimwa, ghala kimya. Fundi alipiga magoti chini ya shelfu ndefu, kichwa ndani ya mashine. Upande wa pili wa shelfu, dereva wa foklifti alikuwa akiingiza paleti ya vigae safu ya juu kabisa, asijue kwamba upande wetu palikuwa na nyingine. Yake ikawa inaisukuma ya kwetu. Niliiona ikitokeza ukingoni, juu ya mgongo wa fundi, ikianza kuinama.

Sauti haikunitoka. Nilimtazama mwenzangu: mdomo wazi, anahangaika na lile neno refu, halitoki hata kipande. Lakini mikono yake ikaanza. Kofi, kofi, kofi, haraka, bila mpango.

Fundi akachomoa kichwa. Akainuka, akatujia kwa hatua za mwalimu aliyechoshwa na wanafunzi wake, vidole vitano juu.

"Tano, ra—"

Paleti ikashuka nyuma yake. Sakafu ilitetemeka, vumbi la vigae likatufunika. Fundi alibaki vilevile, mkono juu, hageuki.

Supavaiza wetu, Mkenya, alitokea mbio. "Nani yuko chini? Nani yuko chini?"

"Hakuna mtu," nikasema, na sikuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Akamgeukia mwenzangu. "Sasa wewe makofi ni ya nini? Si ungepiga tu nduru? Hata 'oya' ingetosha!"

"Bosi, nilikuwa nalitafuta lile neno."

"Neno gani?"

Mwenzangu alielekeza kidevu kwenye mashine. Mlango ule wa fundi, wenye lile neno jekundu, ulikuwa umekunjika katikati, chini ya vigae.

Ndipo fundi alipogeuka. Alipatazama pale magoti yake yalipokuwa, kisha akakaa sakafuni. Tulimletea maji, asinyooshe mkono kupokea. Mwenzangu akachuchumaa akamnywesha, na maji mengi yakaishia kwenye mashati yao.