Maua Yaliyokufa kwa Maji Mengi

Uongozi wa jengo unapenda kuwatangazia wapangaji wote, kwa karatasi iliyobandikwa ndani ya lifti, kwamba jengo hili ni nyumba ya kila mtu; kwamba kila familia iko huru kuishi kwa mila na dini yake; na kwamba yanayofanyika nyuma ya mlango wa mpangaji ni siri ya mpangaji, wala uongozi hauna haja ya kuyajua. Ukaguzi wa vyoo na mabafu utafanyika Alhamisi asubuhi.

Mama Pacha aliisoma karatasi hiyo akiwa ameegemea ukuta wa lifti, anatoka kazini. Usiku kucha alikuwa kwenye chumba cha dobi akikunja mashuka ya hospitali, na sasa hata herufi aliziona kama zinangoja kukunjwa.

Ukaguzi ulimtia hofu, na hofu yake haikuwa ya bure. Jirani wa chini, mwalimu mstaafu wa piano, alikuwa amelalamikia doa la unyevu kwenye dari lake, na doa lilikuwa linanenepa. Mkataba wa nyumba ulikuwa ukingoni mwa kuisha. Kuhama nako hakukuwa jambo la kubeba masanduku tu. Walipokuwa wakitafuta nyumba hii ya ugenini, kila nyumba iliyokuwa wazi ilipata mpangaji ghafla, pale pale mumewe alipotaja jina lake kwenye simu.

"Jina langu lina baraka," Baba Pacha alikuwa akisema. "Linajaza nyumba za watu."

Chanzo cha yote kilikuwa maji. Bafu lile lilijengwa na watu walioamini kwamba maji hukaa pale yalipowekwa. Sakafu haikuwa na hata tundu la kuyatoa. Na hii ilikuwa familia ya maji: ya udhu mara tano, na ya kustanji kila mtu aingiapo chooni. Kwa kazi hiyo ya pili walinunua birika la plastiki la kijani, lenye mdomo mrefu, lile linalouzwa kwa ajili ya kumwagilia maua. Duka zima halikuwa na kitu kingine kilichoielewa shida yao.

Mama Pacha alitunga sheria: udhu ndani ya beseni la kuogea, taulo chini, miguu ikaushwe kabla ya kukanyaga. Mabinti zake pacha walizifuata. Baba yao alizifuata alipokumbuka. Mkwewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alizisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akamwaga maji kama mtu aliyekulia kando ya mto.

"Mama, maji kidogo," Mama Pacha alimsihi siku ya Jumatano. "Kesho anakuja mtu wa jengo. Au tumia karatasi, kwa kesho tu."

"Mwanangu, karatasi haisafishi. Karatasi inasambaza."

"Wenyeji wote wanatumia hiyo hiyo."

"Ndiyo maana kwenye lifti nasimama karibu na mlango."

Baba Pacha, aliyekuwa akivaa sare yake ya udereva wa basi, alicheka mpaka akakosea vifungo. Mkewe hakucheka. Alikuwa amechoka kuogopa peke yake kwa niaba ya watu watano.

Alhamisi alirudi kutoka kazini, hata koti hakuvua. Akaondoa taulo zilizolowa, akapiga magoti kupangusa sakafu ya bafu, akalificha birika kabatini nyuma ya nguo za baridi. Kisha akakaa kwenye kochi asubiri, na usingizi ukamwiba. Kengele ilipomwamsha, Bibi alikuwa anatoka chooni akisoma dua yake, uso umetulia.

Msimamizi wa jengo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tochi. Mlangoni alitoa mifuko ya plastiki ya bluu akavivalisha viatu vyake.

"Mwambie avue viatu," Bibi akasema.

"Amevivika, Mama."

"Viatu vimevaa viatu?"

Msimamizi, ambaye hakujua lugha yao, alimwinamia Bibi kwa heshima akaingia bafuni. Akamulika pembe za sakafu, akamulika chini ya sinki, akagonga beseni kama daktari anayegonga kifua. Kisha mwanga ukatua na kukaa. Kando ya choo, likichuruzika, lilisimama birika la kijani. Bibi alikuwa amelitafuta akalipata, kwa kuwa makabati ya mkwe hayana siri kwa mama mkwe.

"Hili la nini?"

Mama Pacha angeweza kusema kweli. Karatasi ya kwenye lifti ilimruhusu. Lakini kweli ile ingeshuka ghorofa moja mpaka kwenye dari la mwalimu wa piano, na mkataba ungeifuata.

"La kumwagilia maua," akasema.

Msimamizi akachungulia sebuleni. Kochi, mkeka wa kuswalia, madirisha matupu.

"Maua yako wapi?"

"Yamekufa."

Alilisema kwa uchovu wa kweli kiasi kwamba msimamizi aliishusha tochi.

"Pole sana. Yalipatwa na nini?"

"Maji mengi."

"Anauliza nini?" Bibi akadakia.

"Anauliza maua, Mama."

"Maua gani?"

"Marehemu."

"Innalillahi," Bibi akasema, kwa mazoea.

Msimamizi alitikisa kichwa. Hilo ndilo kosa la wengi, alisema; watu huyapenda maua yao mpaka yanaoza. Basi doa la chini limepata maelezo, na mkataba hauna tatizo, ila wapunguze kumwagilia. Nafuu ilimfikia Mama Pacha, ikamkuta hana nguvu ya kuipokea. Akafunga mlango, akalala na koti.

Wiki iliyofuata msimamizi alileta zawadi: mshubiri ndani ya chungu, mmea usiohitaji maji mengi. Bibi akauona, akafuata kisu, maana shubiri ni dawa ya magoti.

"Usiukate, Mama," Mama Pacha akamzuia. "Huo ndio mkataba wetu."

Dari la mwalimu wa piano liliendelea kulowa, hadi fundi bomba alipoubomoa ukuta akakuta bomba la jengo limeoza. Lilibadilishwa, na doa likakauka. Msimamizi bado hupita kila mwezi. Huvivika viatu vyake, hutia kidole kwenye udongo wa mshubiri, kisha, madhali amekwishaingia, huomba kuliangalia na bafu.