Nilisoma barua ya mwanafunzi mstarini bila kutaja jina, na shule nzima ikamjua

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mdau aliuliza kama hizi programu za kuzuia uonevu mashuleni zinasaidia kweli au ni ulaji wa semina tu. Watu wakamwaga nadharia. Mimi nilikuwemo jikoni.

Ninayosema yametokea, na mkosaji ni mimi. Sehemu moja nimeibadilisha kwa makusudi. Nitaisema mwisho.

Nafundisha Kiswahili shule moja ya kata huku Katavi, si mbali sana na Mpanda mjini. Jina la shule kapuni.

Mradi ulipokuja tulipewa semina ya siku mbili, soda, fulana, picha ya pamoja. Wakataka mwalimu mmoja awe mlezi wa klabu ya kupinga uonevu. Mkuu wa shule akanitazama mimi. Sitadanganya, nilifurahi.

Kazi kubwa ya mlezi ilikuwa sanduku. La mbao, lina tundu juu. Mwanafunzi anayeonewa anaandika karatasi bila jina, anatumbukiza, mlezi anafungua kila Ijumaa.

Kufuli nilienda kulinunua mwenyewe mjini, pale Kashaulili, nikachagua gumu. Nikawaambia wanafunzi mstarini, "Ufunguo ni mmoja na ninao mimi. Hakuna mwingine atakayejua."

Wiki za mwanzo ilikuwa vichekesho. Maharage yana wadudu. Mwalimu wa hesabu apunguze ukali. Mmoja aliomba shule inunue TV.

Halafu ikaja moja ya kweli. Ilisema hivi:

"Mwarimu naomba msaada. Kwenye foreni wananiambia nitamke chakura vizuri ndio wanipakurie. Nikitamka wanacheka, nikinyamaza wananiruka. Siku nyingi mchana siri kabisa."

Alimaanisha "sili". Kijijini kwao watu wengi wanaongea Kirundi nyumbani, na hizo herufi mbili, l na r, kwao zinapishana.

Mnajua kitu cha kwanza nilichofanya? Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia makosa. Mazoea ya kusahihisha. Mtoto ananiambia hali chakula, mimi naona herufi.

Na hapa niseme kitu. Mimi mwenyewe ni wa Mpimbwe, Kiswahili nilikikuta shuleni. Chuoni walinicheka mpaka nikajifunza kuongea kama mtangazaji wa redio. Nilipaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Mwandiko niliutambua, daftari zao nasahihisha kila wiki. Alikuwa binti wa kidato cha pili, nitamwita Esta. Mpole, lakini kwenye insha alikuwa moto, ukimpa ukurasa mmoja anaandika minne.

Sikumwita siku ile. Nikasema nitalishughulikia Jumatatu.

Jumatatu wageni wa mradi wakaja. Makamu mkuu akaninong'oneza, "Mwalimu, wasomee hata barua moja, waone sanduku linafanya kazi. Jina usitaje tu."

Nikaangalia nilichonacho. Wadudu, TV, na Esta. Nikamchagua Esta.

Ningeweza kuieleza kwa maneno yangu. Ningeweza hata kusoma "sili". Nilisoma kama ilivyoandikwa, na nilipofika kwenye "siri" nikaivuta kidogo, kwa sababu nilisikia kicheko kinaanza na kilininogea.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Napenda kuchekesha watu, na siku ile nilikuwa na watu wengi mbele yangu.

Mstari mzima ukaangua kicheko. Wageni wakatabasamu. Vichwa vikageuka upande mmoja, maana hakuna asiyejua ni nani anaongea vile na kuchekwa kwenye foleni.

Esta naye alicheka. Nikajisemea, kama anacheka basi hajaumia. Nikaendelea na hotuba kwamba kuanzia leo ni marufuku kumcheka mtu kwa lafudhi yake, tukapigiwa makofi.

Kuanzia siku ile jina lake likawa Siri.

Ijumaa nilifungua sanduku, tupu. Ijumaa iliyofuata, tupu. Muhula mzima nilikuwa nafungua kufuli na kulifunga. Kwenye ripoti nikaandika kwamba malalamiko yamekwisha. Mradi wakafurahi, nikapewa cheti mbele ya wazazi, nikakitundika sebuleni.

Foleni nayo ikawa shwari. Nilienda kuikagua mwenyewe mara mbili, sikuona tatizo. Mama anayetupikia ndiye aliyenishtua.

"Mwalimu, yule binti Siri siku hizi anakula wapi? Mbona simuoni?"

Hata yeye alimwita hivyo, tena bila ubaya. Alidhani ndilo jina lake.

Nikasema nitamwita Esta tuongee. Mitihani ikaingia, usimamizi, kusahihisha, mara shule zimefungwa.

Zilipofunguliwa hakurudi.

Nilisubiri wiki mbili, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa kigoda, akaniletea maji.

"Karibu sana mwarimu. Sisi hatujui kakosana na nani huko. Zamani aliongea mpaka namwambia mwanangu, pumzika. Sasa hivi ni mimi namwomba aongee."

Esta akatoka ndani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo ticha."

"Marahaba Esta. Hujambo?"

"Niko sawa."

Nikamuuliza kwa nini haji shule.

"Sitaki."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilikosea, kwamba nitasimama naye kwenye foleni kila siku akirudi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hapana, ticha. Asante kwa kuja."

Kuna kitu kilikuwa kinanikwaza na sikujua nini. Baadaye ndio nikang'amua. Ni hiyo "ticha". Miaka miwili yote aliniita "mwarimu".

Wakuu, rudini hapo juu mkaangalie alichosema. Hakuna l. Hakuna r. Alikuwa anachagua maneno yasiyo na hizo herufi, kwa sababu hana uhakika tena ipi ni ipi. Mtoto wa insha za kurasa nne amebaki na maneno machache anayoyaona ni salama.

Na aliyemfundisha hayo ni mwalimu wake wa Kiswahili.

Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nikiwa nimeshapanda, akasema kwa adabu kabisa:

"Ticha, naomba usinisome tena."

Nilitikisa kichwa kukubali, dereva akaondoa pikipiki.

Hajarudi. Mtihani wa kidato cha pili umepita bila yeye. Nasikia anajifunza cherehani kwa shangazi yake.

Kwa hiyo tuje kwenye swali la mdau.

Shule ya jirani wana sanduku kama letu, mradi ule ule. Mlezi wao akipata karatasi anamwita mtoto pembeni siku hiyo hiyo, na mchana anakwenda kusimama kwenye foleni mwenyewe. Kwao karatasi zinazidi kila mwezi, mpaka mradi wanawauliza kulikoni, mbona uonevu unaongezeka.

Kwetu sanduku lilikuwa tupu, tukapewa cheti.

Mimi naona zinasaidia pale mwenye ufunguo anapokuwa mtu wa kuaminika. Ukiona sanduku tupu usikimbilie kufurahi, kwanza jiulize nani amenyamazishwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu naishi naye nyumba moja. Cheti nilikitoa ukutani, ila alama ya msumari bado ipo.

Karibuni wakuu. Mlio walimu, semeni nyie mnafanyaje. Na kama kuna aliyewahi kuchekwa kwa anavyoongea halafu akarudi kuongea, naomba aniambie nini kilimrudisha, kuna nyumba nataka kupeleka jibu. Madongo pia ruksa, nimeyastahili.

Sasa ile sehemu niliyobadilisha.

Barua mliyoisoma nimeitunga mimi. Neno walilomgeuzia kuwa jina halikuwa "siri". Ile yenyewe, na wino wangu mwekundu, iko kwenye droo. Msiniombe picha. Wanaolijua neno lake wanatosha, na safari hii sijamsoma.