Mgonjwa Asiyecheka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo upande wa Ndhiwa, Homa Bay, metroni, mkuu wa wauguzi, alinipokea kwa amri. "Madam, hapa mgonjwa akikuambia 'niko sawa tu', usiandike sawa. Mwangalie kwanza." Hakunionyesha hata mahali pa kuweka mkoba. Nilimchukia hadi saa ya chai, kisha nikamwelewa.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha wanafunzi wa uuguzi kusoma lugha ya mwili, yaani yale mgonjwa anayosema bila mdomo: anavyopumua, anavyolala, mkono anaouweka tumboni na kuusahau pale. Vijana huidharau, wanapenda mashine. Niliwakataza kuuliza swali lolote kabla ya kumtazama mgonjwa. Kimya kingi kina mshindo, niliwaambia, nao wakanung'unika.

Baadaye nilihamishiwa Migori, tulikopokea Waluo na Wakuria pamoja. Siku moja kijana wa Kikuria aliletwa na mamaye, uso umetulia. Kwao mwanamume hufunzwa tangu jandoni asikunje uso mbele ya kisu. Afisa wa matibabu wa zamu akaona hali yake si ya dharura, akamweka mwisho wa foleni.

Mwanafunzi wangu Akinyi hakuridhika. Benchi zima lilikuwa likimcheka mzee mcheshi aliyebishana na mlinzi. Kijana alitabasamu tu, pumzi fupi fupi, magoti ameyakunja.

"Daktari, huyu anaogopa kucheka," Akinyi akamwambia afisa. "Tumbo haliwezi."

"Amelalamika?"

"Hapana."

"Basi angoje zamu yake."

Akinyi akanigeukia, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia asibanduke hapo.

"Daktari, mguse tu tumbo," Akinyi akamrudia afisa. "Kama nimekosea, nitaomba msamaha."

Afisa akaguna, akagusa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Kijana akakimbizwa kupasuliwa, akapona.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku huku Rangwe, na wanafunzi wa zamani hunipigia simu kuuliza ishara ipi ni ya kuaminika. Hakuna. Lazima ujue mtu ametoka wapi na amefunzwa kuficha nini. Nilimwonea Akinyi fahari kubwa siku ile, na furaha yangu haikuwa na doa, mpaka mama wa kijana alipomshika mikono nje ya wadi.

"Kaka yake mkubwa pia alinyamaza hivi hivi," alisema. "Tukamsifu, tukasema huyu ni mwanaume kweli. Tukamzika."